Difu jipya lisipelekwe Serengeti siku ya pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niwaeleze wamiliki wa magari ya utalii, madereva na mafundi wenzangu jambo ambalo limenikaa moyoni tangu msimu uliopita, nalo ni namna tunavyofunga gia mpya za difu, lile sanduku la gia katikati ya ekseli linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, na namna tunavyozitumia katika siku zake za mwanzo. Mimi ni fundi wa magari hapa Arusha, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa difu za Toyota Land Cruiser, yale magari marefu yaliyoongezwa mwili na kufanyiwa paa la kuinuka kwa ajili ya wageni. Ninaandika sasa, masika ikiwa inaelekea ukingoni, kwa sababu ndizo wiki ambazo gereji zetu hujaa magari yanayotayarishwa kwa msimu wa Juni, na ndizo wiki ambazo kosa ninalotaka kulieleza hufanyika.

Julai iliyopita nilifunga krauni, yaani gia kubwa ya duara, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, zote mpya, katika ekseli ya nyuma ya gari la kampuni moja ya hapa mjini. Kazi ilikamilika Jumanne jioni. Nilimwambia msimamizi aliyekuja kulichukua kwamba gari hilo litembezwe taratibu likiwa tupu kwa siku kadhaa kabla ya kupewa safari, naye akaitikia. Alhamisi alfajiri gari liliondoka na wageni sita, mizigo yao, chakula cha siku nne na madumu ya mafuta. Lilipanda ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu, likapita Karatu, likaingia lango la Lodoare na kupanda tena hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha likashuka kwenye ile barabara ya vumbi yenye mawimbi kuelekea Naabi, lango la Serengeti, yote hayo kwa siku moja na bila kupumzishwa zaidi ya muda wa wageni kula. Dereva aliniambia baadaye kwamba difu lilianza kulia kabla ya Naabi, na kwamba walipofika Seronera alisikia harufu ya oili iliyoungua. Kesho yake asubuhi meno ya pinioni yalikatika, na wageni wakakaa kando ya njia zaidi ya saa nne hadi gari jingine lilipowafikia.

Difu hilo lilirudishwa kwangu. Nilipolifungua, kichwa cha pinioni kilikuwa kimegeuka rangi ya buluu iliyoiva kwa joto, na oili ilikuwa nyeusi na nyepesi kama maji. Ilisemwa kwanza kwamba spea zilikuwa feki, halafu ikasemwa kwamba mimi sikuzipanga vizuri. Spea zilikuwa halali, na vipimo vyote nilikuwa nimeviandika katika daftari langu siku ya kufunga. Lakini nakiri kwamba nami nilikosea jambo moja: maelekezo ya kuzoesha gia niliyatoa kwa mdomo, kwa mtu ambaye hakuwa dereva wa gari hilo, na dereva mwenyewe hakuambiwa neno. Tangu siku hiyo sitoi ufunguo bila karatasi iliyoandikwa, nakala moja ikibaki ndani ya gari.

Wapo watakaouliza kwa nini chuma kipya, kilichotoka kiwandani, kihitaji kubembelezwa. Jibu limo katika umbo la gia zenyewe. Katika difu la nyuma la magari mengi haya, pinioni haikutani na krauni katikati kabisa, bali imeshushwa chini ya mstari wa kati wa krauni, na meno yake yamepinda. Mpangilio huo huipa gia nguvu na huifanya itembee bila kelele, lakini gharama yake ni kwamba meno hayabingiriki tu moja juu ya jingine, yanateleza na kusuguana kwa urefu wake wote chini ya mzigo mkubwa. Ndiyo maana difu hudai oili yake maalumu ya daraja la GL-5, ile yenye harufu kali ya salfa, ambayo dawa zilizomo ndani yake hufanya utando juu ya chuma pale ambapo oili ya kawaida ingekwisha kukamuliwa na kutoka. Anayetia oili ya injini katika difu, au oili ya gia ya daraja la chini kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani, anaondoa ulinzi huo.

Sasa, uso wa jino jipya hata ukionekana kung'aa una vilima vidogo visivyoonekana kwa macho. Katika kilomita za kwanza vilima hivyo husagana, jino la pinioni likijitengenezea mahali pake pa kukaa juu ya jino la krauni, na kazi hiyo huzaa joto jingi kuliko gia hizohizo zitakavyozaa baada ya kuzoeana. Gari lenye tairi za 7.50R16 likienda kilomita 80 kwa saa, na gia zake zikiwa za uwiano wa 4.10, yaani pinioni kuzunguka mara 4.10 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, pinioni huzunguka zaidi ya mara 2,100 kwa dakika. Weka juu yake mzigo wa watu saba na mlima wa Mto wa Mbu, na oili ya difu, ambayo ni lita kama 3 tu, haina pa kulipeleka joto hilo. Oili ikichemka huwa nyepesi, utando hukatika, chuma hugusa chuma, na ugumu ambao kiwanda kiliupa uso wa jino kwa moto na kupoza huharibika. Baada ya hapo hakuna tena cha kuokoa. Jino lililolainika halirudi kuwa gumu likipoa.

Kabla ya kuzoesha, hata hivyo, ipo kazi ya kupanga, na hapa nawageukia mafundi wenzangu kwa heshima zote. Bado wapo kati yetu wanaofunga krauni na pinioni kwa kusikiliza na kwa kutikisa kwa mkono. Huondoa za zamani, huweka mpya na shimu (pete nyembamba za kurekebisha nafasi) zilezile zilizotoka, hukaza nati hadi mkono ukatae, na gari likitoka bila kulia siku ya kwanza huhesabu kwamba kazi imekwisha. Najua kwa nini wanafanya hivyo. Mwenye gari anataka gari jioni, na malipo anayoyatoa ni ya kazi ya nusu siku. Lakini difu ni kazi ya vipimo vya sehemu ya mia ya milimita, na mkono wa binadamu, hata wa fundi mzoefu, hauwezi kuhisi sehemu ya mia ya milimita.

Krauni na pinioni huuzwa kwa jozi kwa sababu zimesagwa pamoja kiwandani, na watengenezaji wengi huzichora namba inayofanana ili zisitenganishwe. Nimeletewa zaidi ya mara moja krauni ya jozi moja na pinioni ya jozi nyingine, zote zikiwa nzima, kutoka katika magari mawili yaliyokatwa, mwenye gari akiamini amepata bahati. Jozi ya namna hiyo haitaacha kulia hata ipangwe na nani.

Krauni hukaa juu ya kesi yake, yaani kasha la chuma linaloibeba, kwa kubana sana, na wengi huipiga nyundo kuiingiza. Njia iliyo salama ni kuitia katika sufuria ya maji yanayochemka mpaka ipate joto la maji hayo, kuikausha upesi na kwa uangalifu hasa kwenye matundu ya bolti, kisha kuishusha mahali pake ikiwa bado ya moto. Huingia yenyewe kwa mkono uliovaa glavu. Bolti hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kuvukana, baada ya krauni kupoa. Halafu, kesi ikiwa imeshakaa kwenye beringi zake, saa ya kupimia, kifaa chenye mshale kinachoonyesha mwendo mdogo sana, huwekwa nyuma ya krauni na krauni ikazungushwa mzunguko mzima, kwa maana ikiyumba zaidi ya milimita 0.10 ipo takataka chini yake au kesi imepinda, na kila kipimo kitakachofuata kitakuwa cha uongo.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni kina cha pinioni, yaani umbali ambao kichwa chake kinaingia kuelekea krauni. Shimu iliyo nyuma ya beringi ya ndani ndiyo inayoamua, na kuibadilisha maana yake ni kuitoa pinioni, kuing'oa beringi kwa preshi, kuweka shimu nyingine na kurudisha kila kitu. Siku ambayo mambo ni mazuri nafanya hivyo mara mbili. Nimewahi kufanya mara tano. Kinachoniambia kwamba nimefika ni rangi: napaka rangi nzito kwenye meno machache ya krauni, katika sehemu tatu za mzunguko, naizungusha pinioni huku nikiizuia krauni kwa kipande cha mbao ili gia zihisi mzigo, kisha nasoma alama iliyobaki. Alama ikikaa katikati ya jino, au ikisogea kidogo kuelekea ncha ya ndani, nashukuru, kwa sababu mzigo halisi wa barabarani utaisukuma kuelekea ncha ya nje. Alama ikikaa juu kwenye kilele cha jino na kuelekea nje, pinioni iko mbali, inataka shimu nene zaidi. Ikizama chini kwenye shina la jino na kuelekea ndani, pinioni imeingia mno, inataka shimu nyembamba. Fundi kijana akifundishwa kusoma rangi hiyo kwa siku moja, atakuwa amepata elimu ambayo wengine tuliipata kwa kuharibu mali za watu.

Mchezo kati ya meno, yaani nafasi ndogo ya kulegea, hupimwa kwa saa ileile, na katika difu nyingi za Land Cruiser hutakiwa uwe kati ya milimita 0.15 na 0.20, unene wa karatasi moja na nusu hadi mbili za daftari. Ukipungua, gia zikipanuka kwa joto zitabanana; ukizidi, kila unapoachia na kukanyaga mafuta meno yatagongana. Hupimwa sehemu kadhaa za krauni, wala mtu asiridhike na sehemu moja.

Kuhusu mkazo wa beringi za pinioni nitasema kwa ufupi. Beringi mpya hudai mkazo mkubwa kuliko zilizokwisha kutumika, na mkazo huo hupimwa kwa nguvu inayohitajika kuizungusha pinioni kabla sili ya oili haijafungwa. Asiye na spana ndogo ya kupimia anaweza kuzungushia kamba kwenye flenji (sahani ya mwisho) ya pinioni na kuivuta kwa mizani ya ndoano, kama ile ya kupimia samaki sokoni, akazidisha uzito anaousoma kwa nusu kipenyo cha flenji. Ni njia ya zamani, na ni ya kweli kuliko kukisia. Pale penye spesa inayobonyea, yaani kibomba cha chuma kati ya beringi kinachobonyezwa nati ikikazwa, nati ikishapitilizwa hairudishwi nyuma kwa kulegezwa. Spesa hutupwa na kuwekwa nyingine mpya. Nimeona difu nyingi zimekufa kwa ajili ya spesa moja iliyolegezwa ili kuokoa fedha ya chakula cha mchana.

Lipo jambo jingine ambalo madereva wa nje ya lami lazima walijue. Baadhi ya wamiliki, baada ya kuweka tairi kubwa zaidi, huamua kubadili uwiano wa gia, kwa mfano kutoka 4.10 kwenda 4.88, ili injini isichoke. Uamuzi huo unaweza kuwa mzuri, ingawa pinioni ya uwiano huo ina meno machache zaidi na kichwa kidogo zaidi, kwa hiyo inasamehe makosa kidogo zaidi. Lakini uwiano hubadilishwa katika ekseli zote mbili. Nimeletewa gari lililobadilishwa difu la nyuma peke yake kwa sababu fedha iliishia hapo, na dereva hakuambiwa. Alipoingiza gia ya magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma zikawa zinataka kwenda kwa mwendo tofauti, kila moja ikiivuta nyenzake, mpaka mfumo wa kupeleka nguvu kati yao ukavunjika katika sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Anayenunua gari lililotumika anaweza kujihakikishia mwenyewe: ainue ekseli, azungushe magurudumu yote mawili mzunguko mmoja kamili kwa pamoja, na ahesabu propela shafti, ule mhimili unaoleta nguvu kwenye difu, imezunguka mara ngapi, kisha afanye vivyo hivyo mbele; hesabu hizo mbili zilingane.

Sasa nije kwenye kuzoesha, ambako ndiko kiini cha barua hii. Oili ya kwanza iwe ya kawaida ya madini, GL-5 ya unene wa 80W-90 au 85W-90, wala isiwe ile ya gharama ya sintetiki, kwa maana itamwagwa mapema. Safari ya kwanza iwe ya kilomita 25 hadi 30, gari likiwa tupu, kwa mwendo wa kati unaobadilika-badilika, bila kukanyaga mafuta hadi mwisho. Kutoka mjini hadi Usa River kwa mfano kunatosha. Hapo gari lizimwe na liachwe mpaka mtu aweze kuweka kiganja juu ya nyumba ya difu na kukiacha. Kupumzika huko ndiko ambako madereva hawakuheshimu, na ndiko kunakofanya kazi, kwa sababu gia zilizosagana kidogo na kupoa kabisa hubaki na ugumu wake, na mzunguko unaofuata huzaa joto dogo kuliko ule uliotangulia. Irudiwe hivyo mara mbili au tatu. Baada ya hapo gari liendeshwe kilomita 800 bila mzigo mzito, bila kuvuta trela wala gari jingine, na bila kupanda mlima mrefu likiwa limejaa.

Nikisema kilomita 800, wamiliki huniambia kwamba gari haliwezi kukaa bure siku zote hizo. Halihitaji kukaa bure. Kutoka hapa hadi Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro ni karibu kilomita 50 za lami, bila mlima wa kutisha. Gari hilo lipewe kazi ya kupokea na kusindikiza wageni wawili watatu wa uwanja wa ndege. Safari nane za kwenda na kurudi zimemaliza kilomita 800, na kila moja imelipiwa. Au litumike kwa shughuli za ofisi hadi Moshi na kurudi mara tano. Kampuni iliyopanga kazi zake hivyo haipotezi siku hata moja, na hiyo ndiyo sababu nawasihi wasilete difu la kufunga wiki ya mwisho ya Mei. Leteni Machi na Aprili, wakati mvua zimewapunguzia wageni na sisi mafundi tuna nafasi ya kupanga pinioni mara tano ikibidi.

Ninaomba pia walimu wa ufundi magari katika vyuo vya VETA waipe kazi hii siku zake za vitendo, kila mwanafunzi ashike saa ya kupimia kwa mkono wake na asome rangi kwenye meno kwa macho yake, kwa kuwa vijana wanaokuja kwangu kujifunza huweza kutaja sehemu zote za difu kwa jina lakini wengi wao hawajawahi kuipima hata moja.

Kilomita 800 zikitimia, gari lirudi gereji na oili imwagwe ikiwa bado ya vuguvugu. Mwenye gari na awepo. Nitamwonyesha kizibo chenye sumaku: matope laini ya kijivu yaliyokishika ni vile vilima vidogo vilivyosagika, na ni dalili njema. Vikiwa vipande vinavyokwaruza kidole, au sindano nyembamba za chuma, nitafungua difu siku hiyohiyo, naye atakuwa ameona kwa macho yake kwa nini gari halikutoka kwenda Naabi.

Fundi wa magari ya safari,
Arusha